UZI: Goti lilikatikia kwenye theluji ya Austria, likajengwa Kigoma, nikarudi nalo mlimani mwisho wa msimu

#1 Mgebuka wa Kibirizi (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Kuna dogo wa Tabora aliuliza habari za goti lake kwenye uzi mwingine nikamwahidi kuja kumwaga yangu yote. Leo umeme upo na bando lipo, naanza.

Mimi ni mtu wa Kigoma. Nimelelewa Ujiji kwa bibi, nikamalizia ukubwa Kibirizi kwa mjomba, mvuvi wa dagaa mpaka kesho. Theluji nimeigusa nikiwa na miaka 27, nilipokwenda Tyrol kule Austria kusomea mambo ya maji ya maziwa. Kukaa Tyrol bila kucheza skii, yaani kuteremka mlima wa theluji ukiwa na mbao mbili miguuni, ni kama kukaa Kibirizi huli dagaa. Hakuna atakayekufukuza, ila watakuangalia. Msimu wa kwanza nilianguka kila siku. Wa pili nikaanza kupinda vizuri, nikapata kiburi. Wa tatu, Februari 2023, goti la kushoto likaondoka.

Ilikuwa saa kumi jioni, kwenye kilima kidogo tu karibu na mji niliokuwa naishi, wala si mlima wa kutisha. Tulikuwa tumeshazunguka tangu asubuhi. Rafiki yangu akasema twende nyumbani, mimi nikajibu: "Moja ya mwisho." Nakumbuka hata nilivyonyanyua kidole.

Nakuja na sehemu ya pili, nakula kwanza.

#2 Tumbo Joto

Mtu wa Ujiji anacheza kwenye theluji. Hii chai ina tangawizi kabisa. Picha iko wapi?

#3 Binti Katubuka

Nimekaa siti ya mbele. Kaka, usituache na arosto, kula haraka.

#4 Mgebuka wa Kibirizi

Tumbo Joto, picha zipo, tulia.

Nimerudi. Sasa sikilizeni goti linavyokatika, maana wengi wanadhani ni lazima ugonge mti. Sikugonga kitu. Njia ilikuwa imechakazwa na watu wa siku nzima, theluji imejikusanya vichuguu vichuguu, katikati barafu tupu. Mapaja yamechoka. Paja likichoka, mwili unakaa nyuma, kama mtu anayetafuta kiti gizani. Uzito wote ukaangukia mkia wa ubao wa kushoto, makali ya ndani yakauma theluji, ubao ukakata kona peke yake kuelekea ndani na mguu ukaufuata. Mimi nilikuwa bado naelekea kule nilikokuwa naelekea. Nikasikia "pa!", kama muhogo mkavu unapovunjwa kwenye goti la mtu mwingine.

Sikuumia sana pale pale. Hilo ndilo linalodanganya. Nilisimama nikajipangusa nikasema "nipo sawa", na rafiki yangu akaniamini. Nikateremka taratibu mpaka chini, nikavua buti. Kushuka ngazi tatu za mgahawa, goti likachomoka pembeni kama mguu wa meza mbovu. Kufika usiku lilikuwa limevimba kama papai.

Kipimo cha MRI kikasema ACL imekatika yote, yaani ile kamba ya ndani inayozuia mfupa wa chini wa mguu usiteleze mbele ya mfupa wa paja. Meniska, ule mto wa katikati, ilikuwa imechanika kidogo pembeni.

Kitu kingine ambacho sikujua, na nadhani hata wengi wanaocheza hawakijui: kile kishikio kinachofunga buti kwenye ubao hufunguka chenyewe ukianguka, na mimi nilidhani kipo kwa ajili ya goti. Hapana. Kimetengenezwa kuokoa mfupa wa ugoko. Kinasikia buti linapozungushwa puani au kuinuliwa kisigino, ila msokoto wa polepole unaokwenda kwenye goti kinaweza kisiusikie kabisa. Changu hakikufunguka. Sikilaumu, kilifanya kazi kiliyoumbiwa.

#5 Binti Katubuka

Pole sana kaka. Hospitali ulilipa wewe au bima? Na mama alijua?

#6 Mgebuka wa Kibirizi

Bima ya chuo. Mama alijua baada ya wiki mbili, tena kwa kupitia kwa mama mdogo, ugomvi wake haujaisha mpaka leo.

Hawakunipasua siku ile. Walisubiri uvimbe ushuke na goti linyooke sawasawa, ndiyo wakanipasua Machi. Walichukua kipande cha kano ya msuli wa nyuma ya paja langu mwenyewe wakatengeneza kamba mpya, na meniska wakaishona. Wiki za kwanza ni magongo na barafu. Zoezi la kwanza nililopewa, msicheke, ni kukaza paja ukiwa umelala. Kukaza tu. Nililia siku paja lilipokataa kukaza. Ubongo unatuma ujumbe, msuli hauupokei, kama simu iliyo nje ya mtandao.

Daktari alinieleza neno ambalo limebaki: kamba mpya siku ya kwanza ina nguvu, halafu inadhoofika. Inakufa kidogo kabla ya kuota mishipa ya damu na kugeuka kuwa kamba ya kweli. Kwa hiyo kwenye mwezi wa pili na wa tatu, wakati wewe unajisikia mzima, maumivu yameisha na magongo umetupa, ndipo yenyewe ipo dhaifu kuliko wakati wowote. Watu wengi huharibu hapo.

Juni nikaja Kigoma. Nilitakiwa kukusanya sampuli za maji ya Ziwa Tanganyika, na fizio wa kule, mtaalamu wa tiba ya mazoezi, akaniandikia karatasi nne za mazoezi.

#7 Mzee wa Mlole

Vijana mnahangaika na mikasi. Hapa Mlole alikuwepo mama mmoja anachua kwa maji ya moto na mafuta ya mawese, mtu anafika kabebwa anaondoka anatembea. Mbona hukwenda?

#8 Fizio Machimbo

Mzee wangu shikamoo. Mimi nafanya kazi ya fiziotherapia, mkoa siutaji. Kuchua misuli iliyokaza hakuna tatizo. Ila goti lililovimba siku ya kwanza au ya pili, ukalichua kwa nguvu na maji ya moto, unaongeza damu na uvimbe ndani. Nimepokea wengi wa hivyo. Na ACL iliyokatika yote haitafutwi kwa vidole, ipo katikati ya goti, mkono haufiki. Anayetembea baada ya kuchuliwa angetembea tu, kwa sababu uvimbe hushuka wenyewe na kutembea mbele hakuhitaji ACL sana. Mwambie ageuke ghafla.

#9 Mgebuka wa Kibirizi

Mzee wa Mlole, marahaba hamna, shikamoo. Bibi yangu alitaka kunipeleka kwa mtu wa namna hiyo hiyo Ujiji, tena nilikuwa nimeshapasuliwa! Tukakubaliana anichue paja na unyayo, goti asiguse. Alikuwa anachua huku akiniuliza kwa nini nchi yenye hela inateremsha watu mlimani kwa mbao wakati barabara wanazo.

Sasa Kigoma kama kliniki. Kwanza vilima. Anayeijua Kigoma mjini anajua kutoka kule stesheni ya reli kupanda kuelekea Mwanga unapanda kweli. Kupanda ni rahisi kwa goti, kushuka ndiyo mtihani, maana paja linafanya kazi likiwa linarefuka, na kuteremka na skii ni hicho hicho masaa yote. Kwa hiyo mwezi wa nne na wa tano baada ya kupasuliwa nilikuwa napanda kwa bajaji nashuka kwa miguu. Dereva mmoja alidhani nina matatizo.

Pili, ziwa. Asubuhi kabla upepo haujaamka, Bangwe, naogelea. Ila kwa kupiga miguu ya kawaida juu chini. Ile ya chura nilikatazwa kabisa, inasokota goti. Tatu, baiskeli ya mjomba mpaka Ujiji na kurudi, siti nimeiinua. Nne, gunia la mchanga. Gym ipo mjini, ila gunia la kilo 30 halina foleni.

Na usawa wa kusimama kwa mguu mmoja niliupata ndani ya mtumbwi. Hakuna karatasi ya fizio iliyoandika hilo. Unasimama kwa mguu wa kushoto, mtumbwi unacheza, mjomba anacheka. Nilianza na sekunde tano. Oktoba nilikuwa nafika dakika mbili huku nashika chupa za sampuli. (Msifanye hivi bila jaketi la kuokolea. Mimi nilivaa.)

#10 Fizio Machimbo

Ya mtumbwi nimeichukua, naiba.

#11 Mswahili wa Oslo

Mkuu, mimi nipo Norway mwaka wa kumi na moja, nacheza kila msimu. Ulipasuliwa Machi, Desemba miezi tisa imetimia. Ungerudi Desemba kama watu wote. Mwisho wa msimu ni uji mtupu, theluji imelowa, inashika mbao, mtu mwenye goti la kushonwa anafuata nini kule? Watu wanasema ni laini, ukianguka huumii. Uongo. Mimi rafiki yangu aliumia Aprili.

#12 Mgebuka wa Kibirizi

Hili ndilo swali nililokuwa nalingoja, na kaka wa Oslo upo sahihi nusu. Ngoja nijibu kwa kirefu, ndiyo kiini cha uzi huu.

Desemba nilitamani mpaka nikaota. Ila nilijiuliza: Desemba kuna nini? Theluji bado nyembamba, chini yake mawe. Njia chache zimefunguliwa, watu wote wamebanana humo humo. Baada ya hapo likizo, Krismasi, halafu Februari shule za nusu ya Ulaya zimefungwa, mlima unakuwa kama soko la Mwanga siku ya mnada. Goti langu nalijua mimi. La yule kijana anayekuja nyuma yangu kwa kasi hajui kusimama, silijui. Baridi nayo ni kali, misuli haifunguki. Zaidi ya yote, nilipopimwa mwezi wa tisa baada ya kupasuliwa, mguu wa kushoto kwa kuruka na kusukuma ulikuwa na asilimia 82 ya ule wa kulia. Walitaka angalau 90. Kalenda ilikuwa imetimia, mguu bado.

Aprili mwishoni ni dunia nyingine. Vilima vya chini vimefungwa, majani yameota, ng'ombe wanakaribia kutoka. Inabaki milima ya juu yenye barafu ya kudumu. Mimi nilichagua Hintertux, kule wanateleza mwaka mzima, lifti zinakupandisha kutoka mita 1,500 mpaka mita 3,250. Linganisheni: Ziwa Tanganyika lenyewe lipo kwenye mita 770 na kidogo. Watu wachache, njia pana, jua, joto la kuvaa shati ndani ya jaketi.

Sasa theluji. Kaka anasema uji. Ni kweli, ila ni uji kwa saa fulani tu. Theluji ya mwisho wa msimu haina tabia moja, ina ratiba. Usiku kukiwa wazi, nyota zinaonekana, uso wa theluji unatoa joto lake angani na kuganda gumu. Saa mbili asubuhi ni zege. Makali ya ubao hayaumi, ukianguka unateleza kama sabuni, kwa mtu wa goti ni hatari tupu. Jua linapanda. Kwenye saa nne, tano, inayeyuka sentimita moja mbili za juu tu, chini bado imekaza. Hapo inakuwa punje punje, kila punje imejitenga, kubwa, zinang'aa. Waaustria wanaiita Firn. Mimi nilipoishika mara ya kwanza nilicheka peke yangu: ni chumvi ya Uvinza! Ile ya mawe, ambayo haijasagwa. Ubao unapita juu yake kama kisu kwenye siagi, na ukikosea inakusamehe.

Hiyo Firn inadumu saa moja, mbili. Halafu jua linaingia ndani, maji yanajaa, ndipo unapata uji wa kaka wa Oslo. Na uji ule ndio mbaya kuliko barafu kwa goti, kwa sababu unashika ubao ghafla wakati mwili unaendelea. Kila mtu aliyepita ameacha tuta. Ni njia ile ile ya saa kumi jioni iliyonikata mimi.

Kwa hiyo tatizo la rafiki yako si Aprili. Naomba nikuulize kwa heshima, aliumia saa ngapi?

Halafu kuna kufuata jua. Miteremko inayotazama mashariki inalainika kwanza, kisha kusini, mwisho magharibi. Mjuzi anaanza mashariki na kuzunguka na jua. Na kama usiku kulikuwa na mawingu mazito, theluji haikuganda, asubuhi ni uji tangu mwanzo: unageuza, unakwenda kunywa kahawa. Mchana ukipata joto, miteremko isiyotunzwa inaanza kuporomoka, maporomoko ya theluji ya maji, mazito kama saruji mbichi. Na kwenye barafu ya kudumu kuna nyufa zilizofunikwa, unazama humo hukuti chini. Mimi sikutoka nje ya njia zilizowekewa alama hata hatua moja, na sina mpango.

Haya yote, wakuu, nilishayajua kabla sijaona theluji. Mjomba hatoki kwa sababu ana hamu ya kutoka. Anatazama mwezi, anatazama kusi imeamka saa ngapi jana, anajua ziwa la alfajiri na ziwa la saa nane mchana ni maziwa mawili. Mimi ndiye niliyekwenda mlimani kama mtu wa bara.

#13 Mswahili wa Oslo

Saa tisa mchana. Nimekuelewa. Ila Desemba yetu huku si kama ya kwenu, theluji ipo ya kutosha, usijumlishe.

#14 Mgebuka wa Kibirizi

Kweli, naongelea milima ya Alps tu, hii ya Austria. Nimepokea.

#15 Isevya Original

Mimi ndiye dogo wa Tabora. Bro asante. Mimi nacheza ndondo, namba saba, goti la kulia lilifanya "pa" hivyo hivyo mwaka jana nikigeuka, hakuna aliyenigusa. Likavimba, likapona, nikarudi uwanjani baada ya mwezi. Sasa kila mechi mbili linachomoka. Hela ya kupasuliwa sina na hapa Tabora nimeambiwa niende mbali. Je, ndiyo basi?

#16 Fizio Machimbo

Mdogo wangu, siwezi kukupima humu, nenda ukaonwe na mtu akushike goti kwa mikono. Ila nikutoe hofu kidogo. Si kila ACL iliyokatika lazima ipasuliwe. Wasweden walifanya jaribio kwa vijana wanaopenda michezo, wakachapisha 2010: kundi moja walipasuliwa mapema na kufanya mazoezi, kundi jingine walianza na mazoezi tu, anayeshindwa ndiyo apasuliwe baadaye. Baada ya miaka miwili makundi yalikuwa hayana tofauti ya maana. Walipofuatiliwa mpaka miaka mitano, karibu nusu ya wale wa mazoezi hawakuwahi kuhitaji kisu.

Lakini soma vizuri: mazoezi ya kweli, ya miezi, yenye mtu anayesimamia. Si kupumzika mwezi na kurudi namba saba. Linalokuumiza wewe sasa hivi ni kule kuchomoka. Kila linapochomoka linasaga meniska, na meniska ikiisha hapo ndipo uzee wa goti unaanza ukiwa na miaka 30. Acha mechi kwanza. Paja la mbele, paja la nyuma, makalio, usawa wa mguu mmoja. Anza hapo.

Na kwa waliopasuliwa: kuna utafiti wa Oslo na Delaware ya Marekani, 2016, kwa wachezaji wa michezo ya kugeukageuka. Kila mwezi mmoja wa kuchelewa kurudi, mpaka kufika mwezi wa tisa, ulipunguza kuumia tena kwa asilimia 51. Baada ya mwezi wa tisa kalenda haikusaidia zaidi, ila paja lililolingana na lenzie liliendelea kusaidia. Ndiyo maana mleta uzi kuikataa Desemba na asilimia 82 zake nampa heko.

#17 Isevya Original

Sawa. Jumapili tuna mechi na watu wa Ng'ambo lakini.

#18 Fizio Machimbo

Nimekusikia. Kaa benchi, shika maji.

#19 Jirani wa Eldoret

Hamjambo jirani. Kuhusu Waafrika kwenye theluji, hapa Kenya tunaye Philip Boit. Olimpiki ya Nagano 1998, kilomita 10 za kutembea na skii, alimaliza wa mwisho kabisa, na mshindi Bjørn Dæhlie akamngoja kwenye mstari kumkumbatia. Boit akampa mwanawe jina la Dæhlie. Kisha Sabrina Simader, mzaliwa wa Kenya aliyekulia huko huko Austria kwa mleta uzi, akashuka milima kwenye Olimpiki ya 2018. Kwa hivyo si chai.

#20 Tumbo Joto

Boit namjua. Ninachotaka ni picha ya mtu wa Ujiji. Na yule mama wa Marekani, bingwa wa skii Lindsey Vonn, si alirudi na goti bandia akiwa na miaka 40? Mbona nyinyi mnaogopa miezi?

#21 Mgebuka wa Kibirizi

Vonn alirudi kweli, na Machi 2025 akashika nafasi ya pili kwenye mbio za Sun Valley. Hermann Maier, bingwa wa skii wa Austria, naye mguu ulikuwa ukatwe baada ya ajali ya pikipiki 2001, Januari 2003 akashinda mbio za Kitzbühel. Hawa wana daktari, fizio na mpishi wanaolala nyumba moja. Mimi nilikuwa na gunia la mchanga. Tena Maier alikaa nje karibu mwaka na nusu, watu husahau hapo.

Basi nimalizie siku yenyewe.

Aprili 2024, mwezi wa kumi na tatu. Mguu ulishafika asilimia 94. Usiku ule nilitoka nje mara mbili kutazama nyota kama mchawi. Wazi kabisa. Niliamka saa kumi na moja alfajiri, basi, kijijini nikafika mapema mno, nikakaa nakunywa chai na kusubiri zege liyeyuke. Mbao nilikodi fupi kuliko nilizozoea. Fundi aliuliza uzito, urefu, umri na kiwango changu ili apange kishikio. Kiburi kilitaka kusema "mzoefu". Nikasema "mwoga". Akacheka, akakipanga chepesi.

Saa nne na nusu nimesimama juu. Hapa nitakuwa mkweli: sikuweza kuondoka. Goti halikuwa na shida, mimi ndiye niliyekuwa na shida. Watu wananipita. Mtoto wa miaka kama sita akanipita akiimba. Nimesimama dakika kumi na tano natazama mteremko wa njia ya bluu, yaani ile rahisi, ambao zamani ningeudharau. Nilichofanya mwisho ni kile cha mtumbwi: nikainua mguu wa kulia kidogo, nikasimama na wa kushoto tu, nikahesabu. Mwili ukakumbuka kwamba huu mguu unasimama. Nikaushusha, nikaenda.

Kona ya kwanza mbaya. Ya pili mbaya. Ya tatu nikasikia chumvi ya Uvinza chini ya ubao, ile sauti, shhhh, nikapiga kelele kwa Kiswahili mlima mzima usikie. Sitaandika nilichosema, bibi ana mjukuu humu.

Nilishuka mara tano. Kati ya kila moja nilikaa, nikanywa maji, nikapaka losheni. Hili wenzangu weusi mnisikilize: theluji inarudisha jua usoni kutoka chini, midomo na tundu za pua zinaungua. Niliungua ndani ya pua! Na macho bila miwani ya maana utalia usiku kucha.

Mara ya tano ilikuwa tamu kuliko zote. Mapaja yalikuwa yameanza kutetemeka kidogo tu, theluji imeanza kuwa nzito pembeni. Saa sita na dakika kumi. Jua bado, tiketi ya siku nzima nimelipa, lifti tupu. Kidole kikanyanyuka chenyewe, wallahi. Nikakitazama. Nikavua mbao, nikapanda lifti kuteremka chini pamoja na wazee waliokuja kupiga picha.

Siku iliyofuata goti lilikuwa na uvimbe kidogo, barafu dakika ishirini, likatulia. Nikapumzika siku moja, nikarudi. Siku nne kwa jumla mpaka Mei, hakuna hata moja iliyofika saa saba mchana.

#22 Binti Katubuka

Mimi hiyo ya kusimama dakika kumi na tano nimeielewa sana. Nilianguka na bodaboda Mwandiga, mwaka mzima nilikuwa nafika kijiweni nashindwa kupanda. Sikuwahi kumwambia mtu.

#23 Mgebuka wa Kibirizi

Pole dada. Ulipandaje tena?

#24 Binti Katubuka

Nilichagua mzee. Dereva mwenye mvi, nikamwambia nenda kama umebeba mayai. Alikwenda polepole mpaka wenzake wakamtukana.

#25 Tumbo Joto

Picha.

#26 Mgebuka wa Kibirizi

Haya. [picha: jozi ya glavu nene nyekundu juu ya mtumbwi, nyuma yake ziwa]

Hizo ndizo glavu. Uso wangu hamuupati. Glavu nilimletea mjomba, anavutia kamba za wavu usiku, anasema hazijawahi kutokea Kibirizi glavu kama hizo.

#27 Tumbo Joto

Nimeomba theluji unaleta dagaa. Ila sawa, nimeshuka kwenye chai, nipo kwenye maji ya moto.

#28 Mzee wa Mlole

Mjomba wako alisemaje uliporudi kwenye kitu kilichokuvunja?

#29 Mgebuka wa Kibirizi

Nilimpigia siku ile ile nikiwa kwenye basi. Nikamweleza yote: nyota, kuamka saa kumi na moja, kusubiri, jua, kushuka mara tano, kuacha mapema kabla hapajachafuka. Alisikiliza kimya, nasikia redio yake nyuma. Nilipomaliza akaniuliza, "Sasa, mjomba, umekamata nini?"

Nikamwambia sijakamata kitu.

"Hata kimoja?"

Hata kimoja. Akanyamaza kidogo, halafu akasema labda kesho nijaribu upande mwingine.